Mama Saini na Shahidi wa Pili

Ndugu wafiwa, majirani, mawakili wenzake marehemu, na nyinyi mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimekwisha, tunaomba utulivu wenu kwa dakika chache, maana sasa tunasoma maisha ya mama yetu, na yeye hakuwahi kupenda mtu asome huku watu wakinong'ona.

Kwanza ieleweke kwamba historia hii haikuandikwa na familia peke yake. Marehemu aliacha rasimu, kurasa mbili zilizopigwa chapa bila kosa hata moja, na mahali pa tarehe ya kufa ameacha nukta nukta, kama alivyozoea kuacha katika fomu za wateja wake. Familia imejaza nukta hizo, imeongeza mambo aliyoyaruka, na kuna sehemu moja aliyoiandikia pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba isomwe yote, mtu asithubutu kupunguza. Msomaji ni mtoto wake wa pili, fundi wa lifti, ambaye hajazoea kipaza sauti, mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1950, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa mtunza stoo wa reli na mkewe, mshona nguo, katika vyumba viwili vya kupanga nyuma ya karakana ya mabehewa. Baba yake alikuwa hodari wa kuhesabu misumari na mataruma ya kulazia reli lakini kusoma kulimpiga chenga, kwa hiyo barua zote za nyumba ile zilisomwa na binti huyu tangu akiwa darasa la pili. Alipokuwa na miaka kumi aliusoma mkataba wa upangaji mwanzo hadi mwisho, akagundua kifungu kilichosema kwamba paa likivuja mwenye nyumba ndiye anayetengeneza, na Jumapili iliyofuata akamsubiri mwenye nyumba mlangoni akiwa ameshika karatasi. Paa lilitengenezwa. Kodi nayo ilipanda, jambo ambalo marehemu hakuliandika, ila ndugu zake wanalikumbuka vizuri.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, sekondari kuanzia 1965 hadi 1970, na mwaka 1971 akajiunga na chuo kikuu kusoma sheria, ambako walikuwa wasichana wanne katika darasa la watu sitini na moja. Kwa faida ya wajukuu wanaodhani bibi yao alizaliwa na akili zote kichwani, rasimu inasema wazi kwamba somo la sheria ya ardhi alilifeli mara ya kwanza, akalirudia, na mara ya pili akapita kwa alama ambazo mwalimu wake alimwambia ni za huruma. Alihitimu mwaka 1974, akala kiapo cha uwakili tarehe 2 Februari 1976.

Miaka saba ya kwanza alifanya kazi katika ofisi ya mawakili wawili wazee waliokuwa hawasemeshani, akibeba ujumbe wa maandishi kutoka meza moja hadi nyingine, mita tatu, na mwaka 1983 alipochoka kuwa posta akafungua ofisi yake mwenyewe. Ilikuwa chumba na kijisebule katika ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani, na humo alikaa miaka thelathini na sita bila kuhama. Waliowahi kufika wanakijua kile chumba, kabati la vioo lenye majalada yaliyofungwa kwa utepe wa pinki, mhuri wa chuma uliokuwa mzito kuliko pasi, benchi refu ambalo kila aliyelikalia aliondoka na doa la wino mahali fulani, na dirisha lililogoma kufunguka tangu siku alipolipaka rangi yeye mwenyewe ili kubana matumizi. Mtaa mzima ulimwita Mama Saini, kwa sababu neno hilo ndilo lililosikika zaidi kupitia mlango: saini hapa, na hapa, na hapa chini tena.

Kazi yake ilikuwa wosia, mirathi na hati za nyumba na viwanja. Kesi za jinai hakuzitaka, talaka alizikimbia. Mteja akija kuandika wosia, jambo la kwanza marehemu aliwatoa nje watoto, wakwe na kila aliyekuja kumsindikiza mzee kwa upendo mwingi wa ghafla. Jambo la pili aliuliza swali ambalo wengi hawakulitegemea, nalo ni hili: "Nani akiusikia wosia huu atakasirika?" Hapo ndipo alipoanzia, kwa yule wa kukasirika, akamwandika jina, akauliza sababu, na mara nyingi mteja aliyefika akiwa na orodha tayari aliondoka na orodha nyingine. Alikuwa akiusoma wosia kwa sauti, kisha anamtaka mteja amweleze tena kwa maneno yake mwenyewe, na mteja akijikwaa, wanaanza upya, hata kama ni mkuu wa idara mwenye gari linalomsubiri chini.

Kuhusu mashahidi hakuwa na mzaha. Kama mnavyojua, wosia husainiwa mbele ya mashahidi wawili, na sheria haimruhusu shahidi kupata kitu katika wosia anaoushuhudia, wala mume wake, wala mke wake, na akitajwa humo kile alichoachiwa kinafutika kana kwamba hakikuandikwa. Kwa ajili hiyo marehemu alikuwa na mashahidi wake wa kudumu, muuza miwani wa chini na fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, watu wasiorithi chochote kwa mtu yeyote, na hata hao kila mara aliwauliza kabla hawajashika kalamu: "Wewe ni nani kwao?" Fundi viatu aliwahi kumjibu kwamba ameulizwa swali hilo mara mia nne na hajawahi kupata ndugu tajiri hata mmoja.

Tarehe 8 Desemba 1979 marehemu alifunga ndoa na mpima ardhi, baba yetu. Walikutana mahakamani, katika kesi ya ukuta uliojengwa hatua moja ndani ya kiwanja cha jirani, baba akiwa shahidi mtaalamu na mama akiwa wakili wa upande wa pili, akamhoji saa mbili mfululizo hadi akakiri kwamba kamba yake ya kupimia ilikuwa imelegea. Baba alikuwa akisema mtu aliyeweza kumtoa jasho hivyo mbele za watu hawezi kumficha kitu nyumbani, akaenda kuposa mwezi huohuo. Walijaliwa watoto watatu, binti mwaka 1981, mvulana mwaka 1985 na binti wa mwisho mwaka 1990. Nyumba hii mliyoketi uwanjani kwake aliinunua marehemu mwaka 1988, kwa jina lake, na baba akanunua kiwanja kule mlimani, naye kwa jina lake mwenyewe, wakaishi miaka yote kila mmoja akimwita mwenzake mpangaji. Baba alitangulia tarehe 30 Juni 2007, na mama hakuolewa tena, ingawa muuza miwani alijaribu.

Sasa tunafika kwenye sehemu ya kalamu nyekundu.

Mwaka 1996 alikuwapo mzee mmoja mwoka mikate, aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wanne. Watatu walikuwa wamesoma na kuhama, wa mwisho, binti, alibaki nyumbani akimwogesha baba yake na kumfulia shuka kwa miaka minane. Mzee aliamua nyumba yake, vyumba vitatu na tanuri uani, iende kwa binti huyo. Alimwambia marehemu, na maneno haya yamo katika jalada: "Wale nilishawapa shule. Huyu sijampa kitu, yeye ndiye ananipa mimi." Marehemu akauandaa wosia, na kwa kuwa mzee hakuweza tena kupanda ngazi, akaupeleka mwenyewe nyumbani kwake siku ya Jumanne tarehe 6 Agosti 1996, saa nane mchana.

Muuza miwani alikwenda naye. Fundi viatu alikuwa na homa, hakufika. Ndani walimkuta kijana mmoja mpole aliyekuwa akipanga viti, na alipoulizwa kama anaweza kutia saini akasema hana neno, anaishi nyumba ya pili. Marehemu akampa kalamu. Hakumuuliza yeye ni nani kwao. Kijana alikuwa kweli anaishi nyumba ya pili, lakini wiki mbili kabla ya hapo yeye na binti wa mwoka mikate walikuwa wamefunga ndoa kwa msajili, kimyakimya, bila sherehe, kwa sababu mzee alikuwa taabani na hakuna aliyekuwa na moyo wa kupiga vigelegele. Katika jalada la marehemu binti alikuwa bado hajaolewa.

Mzee alifariki Februari 1997. Kaka mkubwa akaweka wakili, wakili akasoma majina ya mashahidi, na kazi ikawa imekwisha. Tarehe 19 Mei 1998 mahakama iliamua kwamba wosia ni halali ila zawadi ya nyumba imefutika, kwa hiyo nyumba igawanywe kwa watoto wanne. Ikauzwa, tanuri likabomolewa, na binti akatoka na mumewe na mtoto mchanga kwenda kupanga chumba kimoja.

Jioni ya hukumu hiyo marehemu alikwenda kwake kwa miguu. Aliandika alichosema, nasi tunakisoma kama kilivyo: "Kosa ni langu, si la baba yako, si la mume wako. Nenda kwa wakili mwingine unishtaki, jalada lote nitampa." Binti akamjibu: "Nikikushtaki, nitapata chumba cha baba?" Marehemu akasema hapana, chumba kile kimekwenda. Binti akamwomba aondoke kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

Wiki iliyofuata marehemu alijiripoti mwenyewe kwenye chama cha mawakili, jambo ambalo wenzake wengi waliliona wazimu, akapewa onyo la maandishi lenye mihuri miwili. Onyo hilo alilitia fremu akalitundika ukutani nyuma ya kiti chake, usawa wa macho ya mteja, na kila aliyekaa kwenye lile benchi alilisoma kabla hajasema shida yake. Baadhi walisimama wakaaga. Mawakili vijana aliowafundisha, na leo tunawaona kumi na mmoja hapa, walianza mafunzo kwa kulinakili onyo lile kwa mkono. Sehemu ya kalamu nyekundu inaishia hapo, na kwa nini siku ile hakuuliza, hakuandika.

Familia inaongeza jambo moja. Mwaka 2011, mwezi wa Oktoba, yule binti wa mwoka mikate alipanda zile ngazi. Mumewe alikuwa amefariki mwaka huo, yeye alikuwa amebaki na binti mmoja na vyerehani viwili, akataka kuandika wosia. Alilisoma onyo ukutani hadi mwisho, akakaa. Karani wa marehemu, aliyekuwapo, anasema mama aliuliza kwa nini amekuja kwake wakati mji umejaa mawakili, na mwanamke yule akasema: "Kwa sababu wewe huwezi kulikosea jambo hili tena." Wosia wa vyerehani viwili uliwachukua mchana mzima. Karani anasema hajawahi kumwona Mama Saini akichafua karatasi namna ile, mpaka akatumwa kununua nyingine.

Marehemu alifunga ofisi mwezi Desemba 2019, miguu ilipoanza kukataa ngazi, na mtoto wake wa pili akahamia kwake ili asiwe peke yake. Alikuwa mgonjwa msumbufu, hilo tuliseme, aliyetaka kuonyeshwa maandishi ya kila dawa na kumrekebisha daktari sarufi. Septemba 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akafanyiwa upasuaji mwezi Novemba, akapata nafuu kidogo, kisha tangu Machi hali ikarudi nyuma. Mtoto wa pili alijifunza kumgeuza, kumwogesha na kumkata kucha, akaacha kazi za mbali, akabaki na lifti za hapa mjini tu. Mama alifariki Jumatano iliyopita, tarehe 19 Aprili 2023, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tatu, nyumbani, katika chumba kinachotazama barabara.

Siku ya Alhamisi wakili aliyemwandikia wosia, mmoja wa vijana wake wa zamani, alileta bahasha, kwa sababu ndani yake mlikuwa na maagizo ya maziko. Maagizo yalikuwa mafupi. Yaliyofuata ndiyo yaliyotukalisha chini. Vitabu na samani kwa binti wa kwanza, akiba ya benki kwa binti wa mwisho, kiwanja cha mlimani alichoachiwa na baba, chenye msingi na kuta zilizofika usawa wa madirisha, kwa mtoto wa pili. Na nyumba hii, pamoja na uwanja wake, kwa binti wa mwoka mikate.

Familia haitawadanganya, tuliumia. Binti wa kwanza aliuliza sisi tumemkosea nini, wa mwisho alitoka nje akakaa ndani ya gari. Mtoto wa pili, ambaye kwa miaka mitatu na ushee alikuwa amelala chumba cha pili cha nyumba hii akisikiliza kikohozi cha mama yake, hakulia. Alifanya kitu kibaya zaidi, alichukua nakala ya wosia akaipeleka kwa wakili mwingine, mwanamume asiyemjua mama, akamwambia atafute kosa. Wakili huyo alianza kwa mashahidi. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kuogelea, wa pili mpiga pasi wa hoteli, wote wawili hawamjui yeyote kati yetu, na chini ya kila saini mama alikuwa ameongeza mstari kwa mkono wake: ameulizwa, amejibu, si ndugu, hajaoa, hajaolewa. Wakili yule alirudisha karatasi akasema katika maisha yake hajaona wosia uliofungwa hivi, kokote utakakousukuma haufunguki.

Ijumaa mtoto wa pili akaingia kwenye masanduku ya ofisi, akiwa bado na hasira, akitafuta barua au neno lolote la kuonyesha kwamba mama hakuwa na akili timamu. Alichokipata ni shajara ya mwaka 1996. Kwenye tarehe 6 Agosti pameandikwa hivi: "Saa saba u nusu. Shule wamepiga simu, mtoto ameanguka ukutani, mkono umevunjika, wamempeleka hospitali. Mwoka mikate kwanza, hali yake mbaya, kisha hospitali. Haraka."

Mtoto huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Anaukumbuka ule ukuta wa shule, na anakumbuka mama akiingia wodini anahema, vidole vina wino, kabla plasta ya mkono haijakauka. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa akijisifu kwa wenzake jinsi mama yake wakili alivyofika haraka. Haraka ile alimpa yeye, na gharama yake ililipwa na binti wa watu, na mama hakumwambia mwanawe hata siku moja, si kwa hasira, si kwa utani, hata alipokuwa akimwogesha. Msomaji anaomba radhi, ataendelea.

Leo asubuhi watoto wote watatu wamesaini kwamba hawataupinga wosia. Binti wa mwisho alisaini shingo upande, lakini alisaini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya upasuaji, waliovumilia kusahihishwa, muuguzi aliyekuja nyumbani kila Jumatatu hata alipokuwa likizo, mawakili wenzake na karani wake wa miaka ishirini na nane, majirani walioleta viti, maji na mikono yao tangu Jumatano, na muuza miwani, aliyegharamia jeneza na akakataa kabisa kuambiwa hapana.

Tunamshukuru pia mwanamke aliyeketi safu ya tatu karibu na nguzo, mwenye kitambaa cha bluu, ambaye hakuwa na habari ya jambo hili hadi leo saa mbili asubuhi, tulipomwita jikoni tukamweleza. Alisema: "Leo ni siku ya mama yenu, mambo ya nyumba yangojee." Tumemwelewa, lakini mama asingependa yangojee. Kwa hiyo, ndugu waombolezaji, baada ya maziko chakula kitakuwa hapahapa, na mnaporudi, kabla hamjaingia ndani, yule pale ndiye mumpigie hodi. Sisi watoto tutakuwa wa kwanza.

Mama, pumzika salama.